Kikapu cha Mama wa Laini ya Mwisho

Nilipoolewa nilitoka Mazingara, upande wa Handeni, nikaletwa Mnyuzi, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu. Majani ya mkonge yakishachambuliwa, makapi yake huoza polepole na kutoa harufu chachu inayoingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye maji ya kunywa. Nilidhani sitaizoea. Leo hii, mwanamke mzee kama nilivyo, ikinipitia puani kwa bahati mbaya nasimama kidogo barabarani kama mtu aliyeitwa.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mume wangu alifanya kazi kwenye genge la reli, akiondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi. Siku zilizobaki nilikuwa na mama yake tu, katika nyumba ya udongo karibu na stesheni. Mbele ya nyumba mistari ya mkonge ilinyooka mpaka macho yachoke. Nyuma ilikuwa milima ya Usambara, ambayo asubuhi nyingine ilikuwepo na asubuhi nyingine haikuwepo. Pale katani ilipoanikwa kwenye nyaya, nyeupe, ukungu uliposhuka hukuweza kujua ukungu unaishia wapi na katani inaanzia wapi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilipita katikati ya weupe ule nikihisi bado nimelala Mazingara, na kwamba mama yangu ataniamsha muda si mrefu.

Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa shamba la mahindi na kunde, kuku wachache, na vikapu. Alivisuka mwenyewe kwa ukindu alioutafuta kando ya mto, lakini hakuviuza. Kila Alhamisi alivijaza na kuvipeleka kwa watu wasiotoka ndani: mzee mmoja mwenye pumu aliyekaa nyuma ya stesheni, mzazi aliyejifungua vibaya, yeyote aliyelala muda mrefu hata majirani wakaanza kumsahau.

Alhamisi ya kwanza aliniita jikoni.

"Kaa hapa, mwanangu. Tunamfungia mzee wa pumu. Anaanza siku yake vipi?"

Sikuelewa. "Sijui, mama. Simjui."

"Huhitaji kumjua. Ameamka. Amekohoa usiku kucha, kifua kinauma. Anataka nini?"

"Kitu cha moto."

"Basi weka tangawizi." Akanipa kipande kilichofungwa kwenye jani la mgomba. "Sasa jua limefika mlangoni. Watu wote wamekwenda shamba. Anataka nini?"

Ndivyo alivyojaza vikapu, kwa kuifuata siku ya mgonjwa tangu alfajiri hadi taa izimwe. Unga wa uji ulikuwa wa asubuhi. Ndizi mbivu ilikuwa ya saa ile njaa inapouma na hakuna wa kupika. Ndimu alizipanga pembeni ili anayefungua akutane kwanza na harufu yake. Kulikuwa na mafuta kidogo ya taa kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi. Na juu kabisa aliweka kitu kisicholiwa: unyoya wa kanga, ua la porini, siku moja kiota kitupu cha ndege kilichosukwa vizuri kuliko vikapu vyake.

"Hiki cha nini?" nilimuuliza.

"Cha kutazama. Mgonjwa ana kuta nne tu."

Alisema hivyo akifunika kikapu, wala hakuinua uso. Baadaye sana, tukiwa tunapepeta mahindi, aliniambia kuwa baada ya kumzaa mume wangu alilala miezi saba. Wiki ya kwanza nyumba haikuwa na pa kukanyaga kwa wageni. Wiki ya nne alikuja mmoja. Kisha hakuja mtu, si kwa ubaya, ila kila mtu alikuwa na mvua yake na shamba lake. Alizihesabu fito za paa, na alipomaliza alizihesabu tena kuanzia upande wa pili.

Mwanzoni nilibeba vikapu vile kwa aibu. Sikuwa mwenyeji. Kiswahili changu kilikuwa na Kizigua kingi ndani yake, na nilipobisha hodi nilisimama mbali na mlango. Lakini mzee wa pumu alifurahi nilipomwamkia shikamoo, na mzazi alinipa mtoto wake nimshike, na taratibu njia zile zikawa zangu.

Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, tulisikia habari za mwanamke mmoja kwenye laini ya mwisho. Laini zilikuwa safu za vyumba walivyokaa wafanyakazi wa mkonge, wengi wao wameletwa kwa mkataba kutoka mbali. Huyu alikuja na mumewe kutoka Kigoma. Mume, mkata mkonge, alikufa kwa homa. Mke naye akashikwa na homa ileile, akapona, lakini miguu haikupona. Kuanzia kiunoni kwenda chini ilikuwa kama ya mtu mwingine. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa hajatoka mlangoni. Jirani mmoja alimpikia na kumchotea maji akirudi kazini, na zaidi ya hapo alikuwa peke yake.

Tulimfungia kikapu kizuri kuliko vyote. Mama mkwe aliweka hata asali ambayo baba yangu alituma kutoka Mazingara. Tulivuka kijito kidogo, tukapita katikati ya mkonge, tukafika.

Chumba kilikuwa na giza. Kitanda kilikuwa cha milingoti ya mkonge iliyofungwa kwa kamba, na juu yake alikaa mwanamke mwenye mabega mapana, amejifunga kanga kifuani, nywele amezisuka mwenyewe vizuri. Hakuwa mzee. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma kikapu kwa kiganja.

"Rudini nacho. Sijaomba."

"Si cha kuomba," mama mkwe alisema. "Tumekuja kukuona tu."

"Mmeniona. Haya, asanteni."

Njia nzima ya kurudi nilisubiri mama mkwe akasirike, lakini alitembea akiangalia mbele kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Tulipofika kwenye kijito aliweka kikapu chini, akanawa uso. Akasema, "Tumemfungia mgonjwa. Yule si mgonjwa tu."

Alhamisi iliyofuata alijaza kikapu kunde zilizo kwenye maganda yake, pomoni, bila kingine chochote, akanituma peke yangu.

"Mwambie macho yangu siku hizi yana ukungu, siwezi kuchambua kunde nikaona wadudu. Namwomba anisaidie. Nusu abaki nazo yeye, kwa kazi yake."

Nilimtazama. Asubuhi ileile alikuwa ametunga uzi kwenye tundu la sindano bila kupapasa. Aliniona ninavyomtazama, akanigeuzia mgongo.

Nilirudia maneno yale kama nilivyotumwa. Yule mama wa Kigoma akavuta kikapu, akapasua ganda moja kwa kidole gumba, akamimina kunde kiganjani na kuzikagua kama mtu anayezijua.

"Hizi zimechelewa kuvunwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kaa basi. Usisimame mlangoni, unanizibia mwanga."

Nikakaa. Tulichambua pamoja mpaka kivuli cha mlango kikafika kwenye ukuta wa pili. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kigumu, maneno machache yaliyowekwa moja baada ya jingine kama mawe ya kuvukia mto, na changu kilikuwa cha mtu aliyetoka jana kijijini. Tulielewana vizuri sana.

Kuanzia hapo kikapu kilikwenda na kazi na kurudi na kazi. Tulipeleka mchele wenye mawe, ukindu wa kuchana, nguo za kushona. Katikati ya kazi hiyo mama mkwe alificha vitu vyake: ndimu mbili ndani ya mchele, kipande cha sabuni ndani ya nguo iliyokunjwa. Yule mama hakuvisema wala hakuvirudisha. Mimi nilimletea habari. Alitaka kujua mto umejaa kiasi gani, katani imeanikwa wapi, treni ya Tanga imechelewa au imewahi. Filimbi ya treni aliisikia kila siku, lakini treni yenyewe alikuwa hajaiona kwa miaka mitatu, na aliniuliza juu yake kama mtu anayeuliza hali ya jamaa. Nilipoishiwa na habari nilimsimulia Mazingara. Naye alinisimulia ziwa. Alisema ni maji ambayo ng'ambo yake huonekana siku mvua ikishapita tu, na siku nyingine inakuwa kama haipo kabisa. Nilimwambia hata sisi tuna milima ya namna hiyo hapo nyuma ya stesheni. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mimba yangu ilipoanza kuonekana hakuuliza chochote. Alinitazama tu nilivyokaa na nilivyoinuka. Siku moja akaniambia, "Sogea," akaweka viganja vyake viwili juu ya tumbo, akafumba macho. Viganja vilikuwa vya moto na vizito. Ndipo aliponiambia kwamba kwao alikuwa mkunga, kama mama yake na bibi yake. Hapa kambini hakuna aliyejua. Alipofika alikuwa mke wa mkata mkonge anayeanika katani, na baada ya hapo akawa kiwete wa laini ya mwisho.

Masika yalikuja na mvua ya siku nne mfululizo. Siku ya tano palikucha kukavu, na ilikuwa Alhamisi. Mama mkwe alisita.

"Tumbo hilo, mwanangu. Acha niende mimi."

"Bado wiki tatu, mama. Na wewe goti lako limevimba."

Nikaenda. Nilivuka kijito maji yakiwa chini ya magoti. Nilipofika laini ya mwisho mvua ilianza tena, safari hii bila upepo wala radi, imenyooka tu kama nyuzi. Sauti ya maji juu ya bati ilijaza chumba mpaka tukawa tunaonyeshana kwa mikono. Maumivu ya kwanza nilidhani ni mgongo uliochoka. Ya pili yalinifanya niache mchele niliokuwa naupepeta. Alikuwa ananitazama.

"Yameanza lini?"

"Sasa hivi."

"Hapana. Yameanza asubuhi, ulikuwa huyasikilizi."

Nilisema nitakimbia nyumbani. Nilifika mlangoni, nikaona njia ya kijito imekuwa mto wa rangi ya chai, na magogo yanapita. Majirani walikuwa wamezuiwa na mvua huko kwenye mashine ya kuchambua mkonge. Nikaanza kulia kama mtoto. Nilitaka mama yangu.

Nyuma yangu nikasikia kitu kinaanguka. Niligeuka. Alikuwa amejitupa chini kutoka kitandani. Alijivuta kwa viwiko na viganja mpaka katikati ya chumba, miguu ikimfuata nyuma, kanga ikijaa vumbi, akaegemea nguzo.

"Funga mlango nusu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Wembe wa marehemu uko kwenye kopo juu ya dirisha. Chemsha maji kwenye mafiga uutie humo. Tandika ile kanga mpya hapa. Halafu shika nguzo hii, na unapoumia nitazame mimi usoni. Usiangalie pengine."

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Ni saa ngapi zilipita sijui. Nakumbuka mvua, na uso wake ukikaribia na kwenda mbali, na mikono yake ikishika magoti yangu. Nakumbuka nilidhani nimeelea, kwamba chumba kimeng'oka na kinakwenda na maji, nasi watatu tumo ndani. Aliniambia nisukume, aliniambia niache, aliniambia mambo kwa lugha ya kwao nami nikayatii bila kuyajua. Kisha kukawa na kilio chembamba, kikali kuliko mvua.

"Mtoto wa kike," alisema. "Ana hasira. Ni mzima."

Alikata kitovu, akakifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la kanga, akamweka mtoto kifuani kwangu.

Mama mkwe alifika jua likikaribia kuzama, maji yalipopungua, amelowa mpaka kifuani na goti lake limekuwa kama boga. Alisukuma mlango. Alimwona mtoto, akaniona mimi, akanigusa paji la uso. Kisha alimwona mwenzetu, amekaa chini pale pale, damu mikononi, vumbi kwenye kanga, hana wa kumrudisha kitandani. Mama mkwe akaketi sakafuni mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Pole na kazi, mwenzangu," alimwambia.

Kwa miaka mitatu kila aliyepita mlangoni alimpa yule mama pole ya ugonjwa. Hakuna aliyempa pole ya kazi. Alilia akitazama chini, kwa muda mrefu, nasi tulimwacha alie. Mwishowe akasema, "Nimeshapoa."

Baada ya hapo wanawake wa laini walianza kumletea matumbo yao. Walikuja na kukaa, na chumba kile kikawa na sauti. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye lile ziwa, na mwanangu alipofikisha miezi mitano ilitokea nafasi. Watu kadhaa wa Kigoma walikuwa wamemaliza mkataba na wanarudishwa kwao kwa lori, kutoka Korogwe kupitia Handeni mpaka kwenye reli ile nyingine ya upande wa Morogoro, inayokwenda Kigoma. Wawili kati yao walisema watambeba. Nyapara akakubali aandikwe.

Mimi nilikuwa sijampeleka mtoto kwa wazazi wangu, na lori litapita Handeni. Mume wangu alisema, "Nenda naye. Mfikishe hapo angalau."

Mama mkwe alifunga kikapu kwa siku mbili. Hakuijua njia ile, kwa hiyo alinikalisha chini aniulize. Lori likitoka Korogwe, vumbi linaanzia wapi? Mahali gani hakuna maji? Jioni ya kwanza watalala wapi, na kuna baridi? Kwa kila swali mkono wake uliingia kikapuni: viazi vitamu vilivyochomwa, maji kwenye kibuyu, kitambaa cha kufunika pua, ndimu za kunusa gari likiyumba. Alikuwa na safari nzima mbele yake, siku baada ya siku, mpaka pale nilipomwambia, "Mama, baada ya Handeni mimi sijui tena." Alikaa na mkono hewani. Kisha akaongeza ndimu nyingine.

Wale wanaume wawili walimtoa nje kwenye machela asubuhi na mapema. Mwanga ulipompiga alijifunika uso kwa kanga, akabaki hivyo mpaka katikati ya shamba la mkonge. Hapo akafunua jicho moja.

"Nendeni polepole," aliwaambia. "Polepole kabisa."

Wakapunguza mwendo. Alitazama kila kitu, katani kwenye nyaya, ndege, kijito kilichokuwa sasa kamba ya maji tu, mbingu. Kwenye treni ya kwenda Korogwe aliomba akae dirishani, akaweka kiganja chake kwenye ubao wa behewa muda wote, kama anavyoshika tumbo la mjamzito.

Lori lilikwenda taratibu sana kwenye barabara ile ya Handeni, au ndivyo ninavyolikumbuka. Vumbi jekundu lilitufunika wote tukafanana. Watu walisinzia, wakaamka, wakasinzia tena. Mwanangu alilala mapajani kwake, juu ya ile miguu isiyosikia kitu, na alisema kwamba anahisi joto lake. Sikujua kama ni kweli. Sikumuuliza.

Handeni tulifika alasiri. Baba yangu alikuwa amesimama kwenye kambi ya wasafiri tangu asubuhi. Nilishuka na mtoto, na dereva akasema hawakai, wanataka kusogea kabla ya giza. Basi ilikuwa haraka. Nilipanda gurudumu nimfikie.

"Utafika, mama," nilimwambia.

"Nitafika. Wewe mnyonyeshe, usimpe uji mapema." Akanirekebisha kanga begani. "Na mwambie yule mama yako macho yake hayana ukungu wowote. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Lori likaondoka. Nilitazama vumbi mpaka baba akaniambia twende, Mazingara ni mbali.

Hatukusikia chochote kwa zaidi ya mwaka. Halafu mchana mmoja akaja kijana aliyeletwa na mkataba mpya kutoka Kigoma, anauliza nyumba ya msuka vikapu karibu na stesheni. Alisema ametumwa salamu. Yule mama alifika. Kaka yake amemjengea chumba chenye mlango mpana unaoelekea njiani, na anazalisha wanawake wa kijiji kizima akiwa amekaa.

Mama mkwe alimsikiliza, mikono imetulia juu ya ukindu.

"Na njiani?" aliuliza. "Ndimu zilimfikisha?"

Kijana hakujua chochote juu ya ndimu. Tulimpa ugali na kunde, akala sahani mbili, akajinyoosha kivulini kupumzika kidogo, na nyapara alipopita kuwakusanya wageni akainuka na kukimbia, kabla hatujamuuliza jina lake.